Oti na Mbaazi Jikoni kwa Mama Somoe

Nakumbuka vizuri siku niliyoshuka kwenye lori pale Mkunya, mwanangu. Nilikuwa na begi moja na kiroba cha oti, na midomo imenikauka mpaka nilipotaka kumshukuru dereva sauti haikutoka. Lori likaondoka kuelekea Newala mjini, vumbi jekundu likanifunika, nikabaki nimesimama mbele ya nyumba ya mtu nisiyemjua.

Nitakueleza nilifikaje pale, maana safari yenyewe ni sehemu ya habari. Lakini kwanza ujue kwa nini nimeikumbuka. Juzi uliponipigia simu ulisema wenzako wa kazini walitaka kuja kukitazama chumba chako kipya, nawe ukawadanganya kwamba umesafiri. Nilipokuuliza sababu, ukajibu kwa sauti ya chini kwamba ndani hamkuwa na kitu ila dengu, vitunguu na pakiti ya oti, na mwisho wa mwezi ulikuwa bado. Nilikata simu nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha. Kuna mama mmoja aliwahi kulisha shamba zima la watu kwa vitu kama hivyo, na mwiko nilikuwa nimeushika mimi.

Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Wewe ni mtoto wa dada yangu, na mimi mvi zangu bado za kutafuta kwa tochi. Ila nimekaa kwenye miji mingi, nimelala kwenye nyumba za watu wengi, na miguu yangu ina uzee wake. Nivumilie.

Nilimaliza kidato cha nne Tabora na matokeo ya kawaida, nikashindwa kutulia. Wenzangu walitafuta vyuo, mimi nilikuwa nikisikia honi ya treni usiku najiuliza inakwenda wapi. Jirani mmoja akaniambia kuna kambi ya wapima barabara Masasi, wanahitaji vijana wa kazi za mkono. Sikujua Masasi ni wapi. Hiyo ikatosha kunifanya niende.

Nilipanda treni mpaka Dar es Salaam, kisha basi la kusini. Siku hizi ukitoka Dar alfajiri, jioni unakunywa chai Masasi. Wakati ule sehemu ndefu ya barabara ilikuwa udongo mtupu, na mvua za masika zilikuwa hazijakatika. Tulikwama, tukasukuma, tukakwama tena, tukalala tumekaa. Tulikula mihogo ya kuchoma tuliyouziwa na akina mama ambao walijua kabisa magari hukwama wapi, wakawa wamekwisha koka moto pale pale. Nilipoyaona majabali ya Masasi kwa mbali nilidhani ni mawingu, nikamwambia mzee tuliyekaa naye kwamba mvua inakuja. Akanitazama kwa huruma. "Hayo ni mawe, mwanangu. Hayaendi popote. Na wewe umeshafika, unaweza kutulia."

Kutulia sikuweza, lakini kazi nilipata. Waliniweka jikoni, niwe msaidizi wa mpishi. Nilimenya, niliosha, na kila asubuhi nilikoroga uji wa oti kwa ajili ya wageni waliokuwa wakiongoza upimaji. Sisi wenyewe hatukuula. Tulikuwa tunaziita punje zilizokanyagwa na gari. Kazi ya kupima ilipokwisha, kambi ikavunjwa na vyakula vilivyobaki stoo tukagawiwa wafanyakazi. Aliyetangulia kuajiriwa alitangulia kuchagua. Mchele ukaenda, sukari ikaenda, mafuta yakaenda. Mimi wa mwisho nikabaki na kiroba cha oti. Mpishi akanipiga bega. "Umepata mali, kijana. Sasa tafuta na farasi."

Nilisikia kwamba Newala, msimu wa korosho ukifunguliwa, maghala huchukua vibarua. Basi nikapanda lori lililokuwa linapeleka magunia matupu, tukapanda mlima kwa zile kona zake mpaka juu kwenye uwanda wa Wamakonde, na dereva akanishusha Mkunya kwa sababu nauli yangu iliishia hapo. Ndivyo nilivyojikuta mbele ya nyumba ile, nina kiu.

Nilipiga hodi. Akatoka mama wa makamo, kanga mbili, mikono ina unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mbona umekuwa mwekundu kama ukuta wangu?"

Nikaomba maji. Akaingia ndani, akatoka na kata iliyojaa, akanipa kwa mikono miwili. Nikanywa kidogo, na maji yaliyobaki nikajimwagia usoni, yakadondoka mchangani. Mama yule aliyatazama maji yanavyozama ardhini kama mtu anayemtazama kuku wake anavyochukuliwa na mwewe. Ndipo akasema, taratibu, "Maji ya hapa, baba, hayamwagwi mpaka yachoke."

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa baadaye. Kule juu mto hakuna. Maji ya mto yako chini bondeni, na njia ya kupanda nayo kichwani inaweza kumaliza asubuhi nzima. Nyumba yenye bahati ina kisima cha saruji uani, kinakusanya mvua kutoka kwenye bati, na mvua ikikatika unatumia ulichonacho mpaka mvua nyingine. Maji yaliyoosha mchicha huosha vyombo, yaliyoosha vyombo hunyweshea miche. Hapo ndipo yanakuwa yamechoka. Mimi niliyekata kiu na kunawa uso kwa mkupuo mmoja nilikuwa nimetumia anasa.

Lakini hakunifukuza. Aliniuliza nimetoka kwa nani na ninakwenda kwa nani, nikamweleza kwamba natoka Tabora na siendi kwa mtu. Akaguna. "Basi umefika kwa mtu." Akanionyesha chumba cha nje ambacho zamani alikuwa akilala bintiye Somoe, aliyekuwa ameolewa Chiwata. Kwa hiyo wote walimwita Mama Somoe, nami nikamwita hivyo hivyo, na majirani wakaniita Mnyamwezi, jina ambalo halikunitoka mpaka naondoka.

Mumewe alikuwa amefariki. Alimwachia kisima kile, nyumba, na shamba la mikorosho lililokuwa nyuma ya kijiji. Mikorosho ile ndiyo ilikuwa ada, dawa, chumvi na sanda. Mwaka uliotangulia vijana wa kuwinda panya walikuwa wamewasha moto nyasini, upepo ukageuka, na upande mmoja wa shamba ukaungua. Nilikwenda kuiona mikorosho iliyoungua. Ilikuwa imesimama bado, lakini ukiigusa mkono unatoka mweusi. Upande uliobaki nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, na kiangazi ndicho kwanza kilikuwa kinakaza. Mama Somoe alikuwa akifyeka mwenyewe kila asubuhi, nami nikawa nafyeka naye, lakini ukitazama tulikofyeka na kulikobaki unaona kabisa moto utatushinda mbio.

Ilibidi aite watu.

Mwanangu, wewe umekulia mjini, hili hulijui. Kule mtu akizidiwa na shamba huwaita majirani kwa siku moja, wanakuja na majembe na mafyekeo yao, na hawalipwi. Mwenye shamba anawalisha, basi. Wewe nawe utaitwa kwao siku nyingine. Hakuna anayesema chakula kiwe nini, lakini kila mtu anajua. Watu wakila vizuri mchana, wanarudi shambani na kumaliza. Wakila vibaya hakuna anayelalamika, ila kila mmoja ghafla anakumbuka kwamba mbuzi wake hajafungwa. Unabaki na nusu shamba, na huwezi kuwaita tena mwaka ule.

Mama Somoe alipanga vizuri. Kaka yake aliyekuwa akiishi Mtwara aliahidi kuleta ng'onda, wale samaki waliopasuliwa na kukaushwa juani. Mbaazi alikuwa nazo, za shambani mwake. Unga wa muhogo ulikuwa kidogo, lakini angeongezea wa kuazima. Siku ikatangazwa. Jioni ya kuamkia siku ile basi la Mtwara likapita, kaka hakushuka. Asubuhi lingine likapita, hakushuka. Watu walikuwa wamekwisha ingia shambani na umande, nasikia mafyekeo yanavyolia na Baba Dastani anavyowatania wenzake.

Baba Dastani nikujulishe mapema, maana ndiye aliyekuwa hatari. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye meno machache na maneno mengi, na kwa sababu alifanya kazi kuliko wote, wote walimfuata. Akibaki, wanabaki. Akiondoka, shamba linaondoka naye.

Nilimkuta Mama Somoe amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, mikono magotini. Chungu cha mbaazi kilikuwa kinachemka kwenye mafiga. Pembeni kulikuwa na beseni la unga ambalo lisingetosha hata nusu ya watu, na ndoo ya maji ambayo kwa ugali wa watu wale isingetosha pia, na kisima kilikuwa kinatoa mwangwi ukidondosha ndoo. Alikuwa halii. Alikuwa anapiga hesabu ya kitu ambacho hakipo.

Nikaenda chumbani nikaleta kiroba changu.

"Hicho ndicho ulichokuwa unakifungafunga?" akauliza. "Mimi nilidhani mbegu."

Akachota kiganjani, akapuliza, akatafuna moja. "Hizi nazo zilipatwa na nini?"

Nikamwambia hupikwa uji. Akasema nipike kidogo tuone. Nikapika kama nilivyozoea kambini, na bila maziwa wala sukari ule uji ulikuwa kitu cha kusikitisha. Mama Somoe aliinamisha kijiko, uji ukakataa kudondoka. Akakitazama kijiko muda mrefu.

"Baba," akasema, "mwaka jana ukuta wangu ulipasuka. Ungekuja wakati ule ningekushukuru sana."

Nilicheka kwa aibu, naye akacheka, na nadhani kicheko kile kilimrudishia nguvu. Akasimama. Akasema kitu kikinata ni kwa sababu hakijaogopa moto. Akaweka sufuria kubwa juu ya jiko, kavu, bila mafuta, akamwaga oti na kuniambia nizigeuze na mwiko nisisimame. Nikageuza. Mwanzo hazikunukia kitu. Halafu zikaanza kubadilika rangi, na harufu ikaja, harufu ya karanga na mahindi ya kuchoma kwa pamoja, mpaka mama mmoja aliyekuwa anapita njiani akauliza kwa sauti, "Mama Somoe, unachoma korosho za nani?"

"Za Mnyamwezi," akajibu.

Mbaazi zilikuwa zimeiva. Alikuwa amezilowesha usiku kucha, ndiyo maana kuni hazikuisha. Nami nikataka kujionyesha kwamba najua jiko. Nikavishika vitambaa, nikakiinua chungu nikamwage maji yale ya rangi ya chai. Akanidaka kifundo cha mkono.

"Unamwaga nini?"

"Maji ya mbaazi, mama. Kambini tulikuwa tunamwaga, tunaweka mapya."

"Kambini mlikuwa na gari la maji." Akanivua vitambaa mkononi taratibu. "Haya bado hayajachoka. Onja."

Nikaonja. Mwanangu, ladha yote ya mbaazi ilikuwa imehamia humo. Kumbe kambini tulikuwa tunamwaga mchuzi na kula makapi.

Basi tukapika hivi, na nakwambia ili ukajaribu. Alikaanga vitunguu kwa mafuta kidogo mpaka vikawa vyekundu, akaweka nyanya na pilipili mbili nzima ili zitoe harufu bila kuwasha. Akamimina mbaazi pamoja na maji yake, na hapo ndipo akatia chumvi, si mapema, kwa sababu chumvi ya mapema huifanya mbaazi iwe na ngozi ngumu. Mimi nilitwanga vipande vya korosho zilizovunjikavunjika, zile ambazo mnunuzi hazitaki, tukazikamua kwa maji ya moto kikombe tu, likatoka tui zito kama la nazi. Ukwaju kidogo ukaingia ili kukata uzito. Mchuzi ulipokuwa unatokota ndipo akamwaga oti zilizokaangwa, akakoroga mara chache, akafunika, akapunguza kuni. "Sasa usiziguse," akasema. "Ukizigusagusa zitarudi kuwa ukuta."

Alipofunua, kila punje ilikuwa imevimba na kusimama peke yake, mbaazi zikiwa katikati yake, na chini kumeshika ukoko. Sufuria moja, hapakuhitajika ugali wala maji mengine. Nikaonja. Kilikuwa kitamu. Lakini macho yangu, mwanangu, yalikuwa yanaona kile ambacho watu wangeona: sinia la kitu cha kijivujivu, hakuna samaki, hakuna ugali. Nikaanza kuogopa.

Watu wakaja wakanawa, kila mmoja akitumia maji ya mwenzake kwenye beseni lile lile. Masinia yakatengwa mkekani. Wakatazama. Baba Dastani akainama karibu na sinia kama mtu anayesoma.

"Mama Somoe," akasema, "kuku wako leo watakula nini? Maana pumba yao naiona hapa."

Watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa kizuri. Wazee pale walikuwa wamewahi kula pumba kweli, miaka ya njaa, na kumlisha mtu pumba baada ya kazi si jambo la mzaha. Nikamwona mwanamume mmoja anatazama juu kama anayepima jua. Huyo alikuwa amekwisha anza kumkumbuka mbuzi wake.

Nikasimama. Nilitaka kumwokoa Mama Somoe. Nikaanza, "Jamani, mtuwie radhi, samaki walikuwa waje lakini kwa bahati mbaya..."

"Nyamaza, baba," akasema Mama Somoe.

Hakupandisha sauti. Alisema kama anavyomwambia mtoto afunge mlango. "Umewakosea nini? Kaa hapo. Onja wewe mbele yao, maana umepika wewe. Na ule kama mtu mwenye njaa."

Kule mwenye kupika huonja kwanza mbele ya wageni, ili waone chakula hakina neno. Ni desturi tu, mtu hutia tonge mdomoni na kuinuka. Lakini mimi sikuruhusiwa kuinuka. Nikachota tonge nikala. Moto, chumvi yake, ukwaju wake, korosho yake. Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Nikachota la pili bila kuambiwa, na la tatu, na kwa kweli nilisahau kidogo kwamba natazamwa.

"Huyu anatumalizia," akasema Baba Dastani, na mkono wake ukaingia kwenye sinia.

Walikula. Mwanzo polepole, kama watu wanaotafuta jiwe kwenye wali, kisha maneno yakapungua, kisha yakaisha kabisa. Nilikuwa nimekaa nimeinamisha kichwa nasikiliza vidole vinavyokwangua sinia. Halafu nikahisi mtu ananigusa goti. Ni Baba Dastani, ameniinamia kama mwenye siri.

"Mnyamwezi. Huko chini ya sufuria kuna ukoko?"

"Upo, baba."

"Niletee kabla hawa wenye meno hawajasikia."

Walisikia. Ugomvi wa ukoko ulikuwa mkubwa, na Mama Somoe aliugawa yeye mwenyewe kwa kijiko, akitetea wazee. Walipomaliza wakainuka. Nikajibanza kwenye kona ya nyumba kutazama, maana pale kwenye kona njia iligawanyika, moja ya kwenda majumbani, nyingine ya shambani. Baba Dastani akafika pale, akasimama, akajinyoosha mgongo. Akaliweka fyekeo begani. Akashika njia ya shamba, na wengine wote nyuma yake, na yule aliyepima jua pia.

Walimaliza shamba lote na mpaka wake, jua likiwa bado juu ya miti. Kaka yake Mama Somoe aliwasili jioni na furushi la ng'onda, akilaani pancha za basi. Mama Somoe akawagawia watu kila mmoja wake aende nao nyumbani. Baba Dastani akapokea wake, akasema asante, kisha akauliza kama zile pumba zimebaki.

Usiku ule, nikiosha masufuria kwa maji yaliyokuwa yamekwisha oshea masinia, nilimwomba radhi kwa kutaka kuwaomba radhi wageni wake. Akacheka. Akasema, "Ukimwomba mtu radhi kabla hajaonja, umemlisha radhi. Hawezi tena kusikia chumvi."

Moto ulikuja. Ulitoka upande wa bondeni mchana wa upepo, tukauona moshi kwanza, halafu tukausikia, sauti kama ya watu wengi wanaotembea kwenye majani makavu. Tulikimbia na matawi mabichi, na majirani wakaja mbio, wengine kutoka kushoto, wengine kulia. Ulipofika kwenye mpaka uliofyekwa haukupata cha kula. Ulirukaruka kidogo, tukaupiga, ukafa. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na hakuna ua lililoungua. Mama Somoe alitembea kutoka mkorosho hadi mkorosho akigusa magome kwa kiganja, na kila alipogusa alitazama mkono wake, na mkono ulikuwa safi.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa mweusi kwa masizi. Akaingia uani, akavuta maji kisimani, akanipa ndoo imejaa mpaka juu. Kiangazi kile, kisima kile.

"Leo oga," akasema. "Oga mpaka uyamalize, na usiyakusanye."

Mwanangu, nimeshukuriwa kwa namna nyingi maishani. Hakuna iliyofikia ile ndoo.

Nilibaki mpaka msimu wa korosho, nikafanya kibarua ghalani, na jioni nilirudi kula kwake. Tuliendelea kupika oti na mbaazi mpaka kiroba kikaisha, na zilipokwisha akaanza kutumia mtama uliobanjwa vipande vipande, ukakubali vilevile. Baadaye, miaka mingi baadaye, Somoe alinitafuta kwa simu kunieleza kwamba mama amepumzika, na kwamba kule bado wanakiita chakula kile "cha Mnyamwezi". Nilikuwa Mbeya wakati huo, kwenye chumba cha kupanga. Niliwasha jiko nikakipika, nikala peke yangu nikilia na kumshukuru.

Na wewe sasa nisikilize, kwa sababu hiki ndicho nilichotaka kukwambia. Zile dengu zako ziloweshe usiku. Zichemshe na usimwage maji yake. Oti zikaange kavu mpaka zinukie, uziweke mwisho, ufunike na uache mkono. Kama huna korosho, tumia karanga. Kisha waite wenzako waje, wala usisimame mlangoni kuwaeleza kilichokosekana. Mgeni hajui ulichokosa mpaka umwambie. Kaa nao, onja wewe kwanza, na ule kwa njaa yako ya kweli. Wakikutania, cheka, usijibu. Na siku ukifika kwa watu ukatengewa kitu usichokijua, peleka mkono kwenye sinia kabla ya maneno. Kuna mtu jikoni anayesikiliza.

Sikukaa. Wewe unanijua. Mvua za kwanza zilipopiga bati na kisima kikaanza kuitikia kwa chini, nilianza tena kusikia magari usiku. Asubuhi niliyoondoka Mama Somoe alinifungia mbaazi kwenye kanga chakavu pamoja na vipande vya korosho, akanisindikiza mpaka barabarani, mvua ikitunyeshea na sisi hatuikimbii. Nilimwambia nitarudi, nami nilikusudia kurudi. Yeye hakubishana. Baba Dastani alikuwa amekaa barazani kwake ng'ambo ya barabara, akapaza sauti, "Mnyamwezi, huko uendako wafundishe kula pumba," na lori likasimama. Kabla sijapanda, Mama Somoe alinishika kichwa kwa mikono yake miwili iliyolowa maji ya mvua, akaniombea kwa maneno ambayo nami nakuombea wewe leo, mwanangu, popote utakapowasha jiko: Mungu akupe chungu kisichoogopa wageni, na wageni wasioogopa chungu chako.